Wanaosafiri kwenda kaskazini waelezwe mapema kuhusu giza na taa ya tiba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili niseme jambo ambalo, kwa maoni yangu, halijapewa uzito linaostahili katika mazungumzo yetu kuhusu vijana wanaokwenda kusoma na kufanya kazi katika nchi za kaskazini mwa Ulaya. Magazeti yetu huandika mara kwa mara juu ya ufadhili wa masomo, nafasi za kazi za uuguzi na za kuhudumia wazee, viza na nauli, lakini ushauri unaotolewa kuhusu hali ya hewa huishia kwenye koti zito, soksi za sufu na viatu visivyoteleza kwenye barafu. Baridi ipo kweli, na mavazi yake yanauzwa dukani. Kinachowadhoofisha wengi wetu huku, tena bila wao wenyewe kujua kinatoka wapi, ni uchache wa mwanga.

Naandika kutoka Umeå, mji wa kaskazini mwa Uswidi ambao baadhi ya wasomaji wako wanaufahamu kwa sababu chuo kikuu chake kimeshirikiana kwa muda mrefu na Muhimbili katika utafiti wa afya. Mji huu uko karibu nyuzi 64 kaskazini mwa ikweta. Katika siku fupi za Desemba jua huchomoza baada ya saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa nane mchana, yaani mchana wote ni wa saa nne na nusu hivi, na hata katika muda huo jua hubaki chini kabisa, usawa wa vilele vya misonobari, na siku za mawingu halionekani kabisa. Waliovuka zaidi kwenda Tromsø nchini Norwe hawalioni hata kidogo tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Dar es Salaam tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki saa moja, na Nairobi ni dakika chache tu. Sisi tumekulia mahali ambapo saa moja asubuhi maana yake kumekucha na saa moja jioni maana yake giza limeingia, Januari kama Julai, kwa hiyo hatuna sababu ya kuwaza kwamba mwanga nao ni kitu kinachoweza kumpungukia mtu.

Mwezi mbaya kuliko yote, kwa uzoefu wa wengi hapa, ni Novemba. Theluji bado haijatulia ardhini, na theluji ndiyo inayorudisha juu mwanga kidogo uliopo. Kilichobaki ni lami iliyolowa, miti mitupu na mbingu ya rangi ya majivu. Mhudumu wa wazee hutoka nyumbani gizani kuwahi zamu ya asubuhi na kurudi gizani, na mchana wake wote ameumaliza chini ya taa za dari. Hapo ndipo mambo huanza. Kijana mmoja wa kwetu, mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyefika mwishoni mwa Agosti na kuwa wa kwanza uwanjani kila siku ya mpira, ilipofika Novemba alikuwa akilala usiku kucha na kuamka amechoka vilevile alivyolala. Alikuwa akila mkate na vitu vitamu muda wote, nguo zikaanza kumbana, vipindi vya asubuhi akaviacha, na simu za nyumbani akawa hazipokei kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe baadaye, hakuwa na la kusema. Mama yake, huko Mbeya, alianza kuulizia kwa watu kama mwanawe ameingia katika makundi mabaya. Mjomba alisema ni majivuno ya Ulaya. Wengine walitaja uchawi. Wenzake hapa, ambao wangepaswa kujua zaidi, walimwita mvivu.

Hali hiyo ina jina katika vitabu vya udaktari, na inafurahisha kwamba aliyeipa jina hilo ni mtu wa Afrika. Norman Rosenthal, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa na kusomea Afrika Kusini, alihamia Marekani mwaka 1976 na kujikuta akilegea kila majira ya baridi yalipoingia, kisha akirudiwa na nguvu zake mara siku zilipoanza kurefuka. Mwaka 1984, akiwa katika taasisi ya taifa ya afya ya akili ya nchi hiyo, yeye na wenzake walichapisha maelezo ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, inayofuata majira: humjia mtu vuli, humwachilia masika ya huko, na hurudi tena mwaka unaofuata. Dalili zake zinatofautiana kidogo na za sonona iliyozoeleka. Mgonjwa wa sonona ya kawaida mara nyingi hukosa usingizi na hamu ya kula. Huyu wa majira ya baridi hulala kupita kiasi, hutamani wanga na sukari, huongezeka uzito na kuhisi mikono na miguu imekuwa mizito. Ndiyo maana ni rahisi sana kwa jamaa kumwona kama mtu aliyejiachia tu.

Kabla ya hapo palikuwa na ugunduzi uliofungua njia. Madaktari walidhani kwa muda mrefu kwamba mwanga hauwezi kubadilisha homoni za binadamu kama unavyobadilisha za wanyama, kwa sababu waliokuwa wakipimwa walikuwa wakimulikwa kwa taa za kawaida za chumbani. Mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake walionyesha kwamba kosa lilikuwa katika kiasi: mwanga ukiwa mkali vya kutosha, homoni ya melatonini, ambayo mwili huitoa usiku, hushuka hata kwa binadamu. Mhandisi mmoja wa Marekani, Herbert Kern, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiandika kwa makini jinsi hali yake ilivyopanda na kushuka kufuata majira, alijitokeza kwa watafiti hao na kuwa mmoja wa wa mwanzo kutibiwa kwa mwanga mkali. Taa zinazouzwa leo madukani zimetokana na kazi hiyo.

Taa ya tiba ya mwanga si ya ajabu kwa sura. Nyingi ni kama ubao mweupe wenye upana wa gazeti lililokunjwa, unaosimama mezani na kutoa mwanga mweupe uliotawanywa ili usichome macho. Kinachoitofautisha na taa nyingine ni ukali, unaopimwa kwa luksi, yaani kiasi cha mwanga kinachofika mahali ulipo. Sebule ya kawaida jioni inaweza isifike luksi 200, na ofisi nzuri ina luksi 300 hadi 500. Nje, siku ya mawingu, ni maelfu kadhaa, na jua la mchana la kwetu hufika luksi 100,000. Taa inayotumika katika tiba inapaswa kumfikishia mtu usoni luksi 10,000. Jicho hutudanganya katika hili, kwa kuwa hujirekebisha haraka na kutufanya tuone sebule imeng'aa vya kutosha, ilhali saa ya mwili, iliyomo ndani ya ubongo, inajua kwamba bado ni usiku. Watafiti walionyesha mwaka 2002 kwamba nyuma ya jicho zipo seli za pekee ambazo kazi yake kubwa ni kuipasha habari saa hiyo, wala si kutuonyesha vitu, na ambazo huitikia zaidi mwanga wa samawati, ule wa anga la asubuhi.

Kutokana na hayo utaona, Mhariri, kwamba suala la wakati ni zito kuliko suala la aina ya taa. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba alfajiri inapochelewa, saa ya mwili nayo huchelewa, hata mtu akaamshwa na kengele ya simu huku mwili wake ungali katikati ya usiku. Mwanga mkali wa asubuhi huiwahisha saa hiyo na kuirudisha mahali pake. Taa hiyohiyo ikiwashwa saa tatu usiku huisukuma upande usiofaa na kumfukuzia mtu usingizi. Nimeingia nyumba kadhaa za watu wetu na kukuta taa nzuri, iliyonunuliwa kwa fedha nyingi, ikitumika kama taa ya urembo. Katika nyumba moja iliwekwa juu ya kabati la vyombo, mita mbili na zaidi kutoka kwenye kiti, na mwenye nyumba akalalamika kwamba ametapeliwa. Tuliishusha mezani, tukaiweka kando kidogo ya kikombe chake cha chai, umbali wa mkono mmoja kutoka usoni, tukapima kwa programu ya simu. Programu hizo si za kuaminika sana kwa namba kamili, lakini ilitosha kuonyesha kwamba pale juu ya kabati mwanga uliomfikia ulikuwa sehemu ndogo sana ya ule ulioandikwa kwenye boksi.

Kwa hiyo naomba utaratibu wenyewe uandikwe hapa kwa faida ya watakaousoma, kwa kuwa vijitabu vinavyokuja na taa viko katika lugha za huku. Mtu huketi mbele ya taa mapema baada ya kuamka, kwa nusu saa hivi, kwa umbali uliotajwa na mtengenezaji, ambao mara nyingi ni kati ya sentimita 30 na 60. Taa huwekwa mbele au pembeni kidogo, juu ya usawa wa macho ikiwezekana. Macho yawe wazi, lakini mtu haikodolei taa. Anaweza kunywa chai, kusoma au kujibu ujumbe wa simu. Hufanya hivyo kila siku, tangu dalili zinapoanza kujitokeza vuli hadi mwanga wa nje unaporudi, kwa sababu anayeacha baada ya siku chache kwa kuwa amejisikia nafuu mara nyingi hurudi palepale. Nafuu, kwa wanaoipata, huanza kuonekana ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Anayefanya kazi zamu za usiku asifuate ratiba hii bila ushauri, maana mwanga mkali anaporudi nyumbani asubuhi utamharibia usingizi wa mchana anaouhitaji.

Sipendi, hata hivyo, barua hii isomwe kama tangazo la biashara. Ushahidi upo, lakini una mipaka yake. Jaribio lililofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 2006 liliwagawa wagonjwa 96 katika makundi mawili, moja likipewa mwanga wa luksi 10,000 na jingine dawa ya sonona iitwayo fluoxetine, na baada ya wiki nane kila kundi lilikuwa na asilimia 67 ya waliopata nafuu inayotambulika kitabibu. Kwa upande mwingine, mwongozo wa kitabibu wa Uingereza unataka wagonjwa waambiwe kwamba ushahidi wa taa hizi bado hauna uhakika. Hapa Uswidi, ambako zamani hospitali zilikuwa na vyumba maalumu vyeupe tupu, wagonjwa wakiketi humo wakiwa wamevaa nguo nyeupe, taasisi ya taifa inayopima ubora wa tiba ilisema mwaka 2007 kwamba vyumba hivyo vilikuwa vimeenea bila majaribio ya kuridhisha ya kuviunga mkono. Ugumu mmojawapo unaeleweka: kidonge cha dawa unaweza kukilinganisha na kidonge kitupu bila mgonjwa kujua anameza kipi, lakini huwezi kumficha mtu kwamba amemulikwa. Hata mji wetu huu, ambao mwaka 2012 ulipata sifa duniani pale kampuni ya umeme ilipoweka taa za tiba katika vituo vya mabasi vipatavyo 30 badala ya matangazo ya biashara, ulifanya jambo la kupendeza zaidi kuliko la kutibu, kwani anayesubiri basi kwa dakika tano amejifunika kofia hadi kwenye nyusi hapati kiwango kilichopimwa na watafiti. Nami bado nilifurahia kusimama hapo.

Msimamo wangu, baada ya kuyapima hayo yote, ni kwamba taa ni jambo la busara kulijaribu kwa mtu mzima mwenye afya njema ya macho, kwa sababu gharama yake ni ya mara moja na madhara yake kwa wengi ni madogo: kuumwa kichwa, macho kuchoka, kichefuchefu au kujisikia mwenye wahaka, na mengi ya haya huisha mtu akisogea nyuma kidogo au akipunguza dakika. Wapo lakini ambao hawapaswi kujianzia wenyewe. Mwenye ugonjwa wa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho, au mwenye kisukari kilichomgusa macho, amwone daktari wa macho kwanza. Mwenye ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka, anayepata vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, anaweza kurushwa na mwanga huu katika kipindi hicho, kwa hiyo asiutumie bila daktari wake. Vilevile anayetumia dawa zinazoufanya mwili uathirike na mwanga amuulize mfamasia. Doxycycline, antibiotiki ambayo wengi wetu tunaifahamu, ni mojawapo.

Niguse pia vitamini D, kwa sababu mkanganyiko juu yake ni mkubwa miongoni mwa Waafrika wa huku. Ni kweli kwamba ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ili kutengeneza vitamini hiyo, na ni kweli kwamba jua la majira ya baridi katika nchi hizi halina miale inayotosha kufanya kazi hiyo. Lakini taa nzuri ya tiba huchuja miale hiyohiyo ya urujuanimno makusudi, ili isidhuru macho na ngozi, kwa hiyo haimpi mtu vitamini D hata akiketi mbele yake siku nzima. Mambo haya mawili yana njia mbili tofauti, moja ikipita kwenye ngozi na nyingine kwenye jicho, na anayepungukiwa vitamini apimwe damu na apewe vidonge. Kinyume chake nacho ni kweli: vitanda vya kuchomea ngozi vinavyotangazwa mijini huku si tiba ya sonona, na madhara yake kwa ngozi yanajulikana.

Kwa wasiomudu taa, ambayo huuzwa kuanzia yuro 50 hadi 200 na zaidi, lipo jambo lisilo na gharama, nalo ni kutoka nje saa sita mchana. Hata mbingu ikiwa imefunga, mwanga wa nje saa hiyo kwa kawaida huushinda wa sebuleni mara kadhaa. Wenyeji wanalijua hili tangu zamani. Katika mji mdogo wa Rjukan nchini Norwe, uliojificha bondeni kiasi kwamba jua haliufikii kuanzia Septemba hadi Machi, walijenga mwaka 1928 magari ya kamba ya kuwapandisha wakazi mlimani wakaone jua, na mwaka 2013 wakasimika vioo vikubwa juu ya mlima vinavyolielekeza jua kwenye uwanja wa mji. Watu wetu hufanya kinyume: baridi inapozidi tunajifungia ndani, tunashusha mapazia na kuwasha televisheni.

Ombi langu la kwanza ni kwa wanaowaandaa wasafiri, yaani vyuo, mawakala wa ajira na ofisi za ufadhili. Katika semina za maandalizi, ambapo vijana huelezwa habari za benki, kodi na adabu za ofisini, itengwe nusu saa ya kueleza habari ya giza, dalili zake na matumizi ya taa, na atafutwe mtu aliyeishi huko azungumze nao. Wengi hufika Agosti au Septemba, wakati jua bado linang'aa hadi jioni, na hakuna anayewaonya. Ufadhili unaotoa fedha za nguo za baridi ungeweza kuongeza kiasi cha taa bila kutikisika.

La pili ni kwa wazazi na ndugu. Kijana aliyeko huku akianza kulala sana, kunenepa ghafla na kukwepa simu kuanzia Novemba, asipelekewe lawama kwanza. Aulizwe, kwa upole, kama anatoka nje mchana, anaamka saa ngapi, na kama amemwona daktari. Sala na dua ziendelee, hakuna anayezikataa. Ikiwa anazungumza kwamba maisha hayana maana au kwamba afadhali asingekuwapo, hapo taa haihusiki tena na suala si la kusubiri masika: apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hapa Uswidi namba ya ushauri wa afya ni 1177 na ya dharura ni 112, na ni vema mzazi aliyeko nyumbani awe pia na namba ya jirani au mwenzake mmoja wa karibu, ili siku simu ya mwanawe isipopokewa kuwe na mtu wa kumgongea mlango.

Yule kijana wa uzamili, kwa wanaotaka kujua, alimwona daktari wa chuo, akapewa mazungumzo ya ushauri nasaha pamoja na maelekezo ya taa, na mwaka uliofuata aliiwasha mapema, mwezi Oktoba. Hasemi kwamba anaipenda Novemba. Vipindi vya asubuhi anahudhuria, na mama yake ameacha kuuliza watu.

Wako,
Msomaji, Umeå, Uswidi